Kaseti ya Mume Wangu na Mama Yangu

Mume wangu alitangazwa kufa redioni Jumamosi moja asubuhi, akiwa dukani Homa Bay anampimia mteja kilo mbili za misumari ya inchi nne. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mtangazaji alipiga wimbo wa zamani wa roki, wa bendi moja ya Nairobi iliyovuma miaka ya sabini, kisha akasema kwa sauti ya masikitiko kwamba mwimbaji wake na wenzake wote walikwisha kututoka, Mungu awarehemu. Mume wangu akaliweka chini koleo la misumari. Mteja hakujua lolote. Alimwambia, "Ongeza kidogo, hiyo mizani yako inadanganya."

Mchana alikuja nyumbani kula. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Akatundika koti lake mlangoni, akasema, "Nimekufa."

"Nani amesema?"

"Redio."

"Basi nawa mikono ule kwanza."

Nilifanya mzaha. Akanawa, akala. Baadaye akaniambia kilichomuuma. Wenzake wawili wa ile bendi walikuwa wamekufa kweli, mmoja kwa ajali na mwingine kwa maradhi, na hakuna redio iliyowataja siku walipozikwa. Sasa walitajwa kwa makosa, pamoja na mtu anayeuza misumari.

Nieleze alikuwa nani. Nilipomjua Nairobi, nikiwa chuo cha ualimu, alikuwa na nywele nyingi zisizoingia kwenye kofia yoyote, suruali pana zilizofagia barabara, na viatu vyenye visigino vya urefu wa shubiri. Bendi yao ilipiga gitaa za umeme na ngoma kubwa, na yeye aliimba Kiingereza ambacho nusu yake hata Mwingereza asingekielewa. Alijulikana hasa kwa yowe lake. Katikati ya wimbo vyombo vilikuwa vikinyamaza, naye akivuta pumzi na kupiga yowe refu, juu kabisa, mpaka watu wa nyuma wanasimama juu ya viti. Nami nilisimama juu ya kiti. Nilikuwa na miaka ishirini.

Nilimpeleka kwetu, upande wa Macalder, ambako mama yangu aliwauzia uji wachimba dhahabu. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika uwanjani kiatu chake cha kushoto kikazama kwenye matope, yeye akaendelea na safari bila kiatu. Mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Akaniuliza pembeni kama kijana huyu ana mguu mmoja mfupi. Nikamwambia viatu vyote viwili vina visigino vya namna ile.

"Basi miguu yote miwili ni mifupi," akasema. "Anafanya kazi gani?"

"Anaimba."

"Kanisa gani?"

Nilipomweleza kwamba si kanisani, alikwenda kukoroga uji wake na hakuuliza tena. Tulioana hata hivyo. Kwetu mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa katikati. Desturi hiyo iliwafaa sana hao wawili. Kwa miaka kama kumi na minane mtu wa katikati nilikuwa mimi, na maneno niliyopitisha yalikuwa machache: mwambie mabati yamefika, mwambie asante.

Bendi ilivunjika watu walipoanza kutaka disko. Mume wangu akarudi nyumbani, akapata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Homa Bay, akazinyoa zile nywele kwa sababu saruji ilikuwa inaingia na kuganda. Sikumsikia akilalamika. Lakini baada ya ile redio aliandika barua ya kurasa tatu kueleza kwamba yu hai, akaipeleka posta mwenyewe. Haikujibiwa. Akangoja majuma mawili, kisha akatangaza wakati wa chai kwamba atatoa kaseti yake mwenyewe, peke yake, bila bendi.

"Watanisikia," akasema. "Maiti haitoi kaseti mpya."

Alianza mazoezi Jumapili. Nilikuwa navaa nguo za kanisani. Yeye akasimama uani karibu na tangi la maji, akajaza kifua, akapiga yowe.

Mtu asiye wa kwetu anahitaji kuelezwa. Yowe likitoka katika boma asubuhi, majirani hawaulizi ni la muziki gani. Wanajua kuna msiba. Na mtaa mzima ulikuwa umekwisha kusikia kwamba redio ilimtaja mume wangu miongoni mwa marehemu. Walikuwa wanamwona akienda dukani, wakadhani ana ugonjwa tunaouficha, wakaona aibu kuniuliza. Sasa yowe likawajibu.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu muuza omena, wale dagaa wa ziwani, leso imefungwa kiunoni, mikono kichwani, analia. Nyuma yake walikuja wengine. Walinikuta nywele timtim, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na nadhani kwa macho yao mjane alikuwa hivyo hasa. Wakanishika mabega, wakaniketisha chini.

"Hajafa," nikawaambia. "Anafanya mazoezi."

Wakatazamana. "Lia tu, mwalimu," muuza omena akaniambia kwa upole. "Usijikaze."

Mume wangu alikuwa amekimbilia ndani, maana lile yowe lilikuwa limemkwaruza koo na kumtia kikohozi. Alipochungulia dirishani akaona uwanja umejaa watu. Aliniapia baadaye kwamba alidhani wamekuja kumsikiliza. Akapangusa mdomo, akafungua mlango, akatoka amenyoosha mikono yote miwili kama alivyokuwa akitoka jukwaani. Muuza omena aliruka ua wa michongoma, mwanamke wa makamo, na ua ule ulikuwa unamfika kifuani. Wengine walirudi nyuma mpaka barabarani. Ilichukua muda kuwakusanya tena, na walipokusanyika walimgombeza mpaka akarudi ndani. Muuza omena alirudi kwa njia ya langoni, mikono imechunwachunwa na miiba, akataka aletewe chai ya maziwa. Nikamletea.

Tulidhani yamekwisha. Hatukujua kwamba jirani mmoja mwenye baiskeli, mtu mwema sana, alikuwa amekwenda mbio kwenye kibanda cha simu nje ya posta akapiga Migori, kwa mwenye duka mmoja wa ukoo wetu, akamwomba apeleke habari kwa mama.

Saa tisa alasiri tulikuwa mezani. Tukasikia sauti ikitokea barabarani. Mama alikuwa amekodi pikapu pamoja na wanawake watano wa kanisa lake, na gari lilipofika konani akateremka ili aje kwa miguu akiimba, kama inavyompasa mwombolezaji. Nilikuwa nimemsikia mama akiimba kanisani maisha yangu yote. Hivi sikuwahi kumsikia. Sauti ilikuwa ya chini, ina mkwaruzo kidogo, na haikuwa na haraka. Alikuwa anaongea na marehemu.

"Mkwe wangu wa viatu virefu," aliimba, "uliniletea mabati ukasema ni mabaki ya dukani. Nilijua si mabaki. Nikanyamaza, nikalala pakavu. Nilikucheka siku ya kwanza, nawe hukunicheka hata nilipozeeka. Sasa nani atamwambia binti yangu asisahihishe madaftari gizani? Nani atatuma neno, nami nikatae kulijibu?"

Wale watano wakamwitikia. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia na tonge la ugali mkononi. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyapangusa.

"Toka ujionyeshe," nikamnong'oneza.

"Ngoja amalize ubeti," akasema.

Alimaliza ubeti, akaanza mwingine, na mume wangu akataka na huo umalizike. Mwishowe nilitoka mimi.

"Mama," nikamwambia, "yuko hai."

Wanawake wakanyamaza. Mama akaniuliza:

"Tangu lini?"

"Siku zote alikuwa hai. Redio ilikosea."

Akalitazama dirisha, akaona pazia linacheza. Akafunga kilemba chake vizuri. "Na amesikia?"

"Amesikia yote."

Mama aliketi juu ya msingi wa tangi, akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza akasema, "Maneno mazuri yote yale nimeyatupa." Hapo mmoja wa wale wanawake wa kanisa akaanza kucheka, akaambukiza wenzake, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama hakucheka.

Nikasikia mume wangu akiniita kutoka nyuma ya pazia. "Mwulize mama kama anaweza kuimba vile tena mbele ya maikrofoni."

Mama alikuwa amesikia, lakini alingoja nimpelekee neno kama kawaida. Nilipolifikisha akajibu, "Mwambie afe kwanza."

Jumatatu naibu wa chifu alimwita mume wangu ofisini. Alimwambia ni marufuku kupiga yowe bila msiba, na kwamba wazee wawili wa mtaa mwingine walikuwa wameacha kupalilia ili waje kuchimba kaburi. Mume wangu akajaribu kumweleza kuhusu roki. Naibu wa chifu akamuuliza kama hiyo roki haiwezi kuimbwa polepole.

Alirudi amenuna. Siku tatu hakugusa gitaa. Ya nne akaketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba na kuanza kuimba kwa sauti ya chini, akiogopa majirani. Mimi nilikuwa jikoni nachambua sukuma wiki. Nikaacha. Sauti ile sikuijua. Ya Nairobi ilikuwa ya kijana anayetaka atazamwe. Hii ilikuwa ya mtu aliyebeba mifuko ya saruji, aliyezika rafiki wawili, aliyesikia siku moja tu jinsi anavyopendwa. Iliyumba mahali fulani, akairudisha taratibu. Nilimaliza kuchambua ile sukuma wiki nikiwa nimesimama mlangoni.

"Ni mbaya?" akaniuliza.

"Usipige yowe tena," nikasema. Alifikiri namkataza kwa sababu ya chifu.

Baada ya mwezi hivi mama akaleta ujumbe. Wanawake wa kanisa walikuwa wanamtania kila Jumapili, wakimuuliza ni nani mwingine aliye hai wamwombolezee. Alikuwa ameamua kwamba maneno yale yamekwisha kutoka, basi afadhali yatoke vizuri. Angeimba, ila kwa masharti. Hatakaa chumba kimoja na mkwe wake. Hataimba neno lolote la mambo ya chumbani. Na yule mtu asivae vile viatu.

Migori mjini kulikuwa na bwana mmoja aliyerekodi kwaya. Studio yake ilikuwa chumba nyuma ya poshomili, kinu cha kusagia mahindi, kuta zimebandikwa trei za mayai, mlango umezibwa kwa godoro. Mume wangu aliketi humo na gitaa lake. Mama aliketi kwenye stoo ya upande wa pili, juu ya gunia la mahindi, na maikrofoni yake ilipitishwa dirishani kwa waya. Mimi nilisimama kwenye ujia mwembamba katikati, nikiwaona wote wawili, na kazi yangu ilikuwa kuinua mkono mama alipotakiwa kuingia.

Wimbo wa kwanza haukufika ubeti wa pili. Mume wangu aliimba kwamba moyo wake unawaka moto. Nikainua mkono. Badala ya kuimba mama akaniuliza, "Amekwenda hospitali?"

"Ni wimbo, mama."

"Mwambie moyo ukiwaka mtu hapati pumzi ya kuimba. Aseme kitu anachokijua."

Nikampelekea neno. Fundi wa studio alikuwa ameshika kichwa, maana kanda ilikuwa inazunguka. Mume wangu alifikiri, akafuta mistari yake kwa kalamu, akaandika mingine juu ya goti. Sasa aliimba juu ya mtu anayerudi nyumbani na vumbi la saruji kwenye nyusi, akijiuliza kama mlangoni watamtambua. Nikainua mkono. Mama akamjibu kwa ile sauti ya chini, "Rudi mapema, chakula kinapoa." Hayo hayakuandikwa popote. Aliyatoa pale pale, kwa sababu ndivyo anavyomjibu kila mtu. Fundi akaachia kichwa chake.

Shida ikawa poshomili. Kila mara ilipowashwa, trei za mayai zilitetemeka na unga ukaingia mpaka kwenye gitaa. Ikabidi turekodi kati ya debe moja na lingine. Wanawake waliopanga foleni na mahindi yao walikuwa wanasikia kila kitu kupitia ukuta. Katikati ya wimbo wa nne, ule ambamo mama alirudia maneno ya mabati, mwenye kinu akataka kuwasha. Nikasikia sauti ya mwanamke nje.

"Usiwashe bado."

"Mama, kuna watu kumi hapa," mwenye kinu akamjibu.

"Sisi ndio hao watu kumi," akasema. "Tutangoja."

Wimbo ulipoisha nilichungulia. Foleni yote ilikuwa imetulia, mmoja anapangusa macho kwa ncha ya leso, mwenye kinu amekaa juu ya ndoo. Kisha mashine ikaunguruma, na tukaenda kunywa chai, mume wangu upande mmoja wa hoteli na mama upande mwingine.

Kaseti ilitoka na nyimbo sita. Juu ya jalada tuliweka picha ya mume wangu amesimama mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, na chini yake maneno "Pamoja na Mama." Tuliona yanatosha. Hatukufikiria kwamba katika nchi yetu kila mwanamke mwenye umri ni mama, hata mke wa mtu.

Ikaanza kupigwa sokoni Migori na Ndhiwa. Watu waliipenda, hasa wanawake, ila waliielewa kwa namna yao. Kwao ilikuwa mtu na mpenzi wake wanajibizana. Jumapili moja mama alikuja Homa Bay bila kualikwa, akasimama langoni, akakataa kuingia.

"Mchungaji ameniuliza yule mwanaume wangu wa kwenye kaseti ni nani," akasema. "Mbele ya wazee wa kanisa."

Nikaona aibu kuliko yeye. Mume wangu aliposikia, kutoka ndani, alilala kitandani akajifunika shuka. Kwa heshima ya kwetu hili lilikuwa jambo la kumfanya mtu ahame wilaya. Kesho yake alikwenda kwa mchapaji, akarudi na vibandiko vyeupe vilivyoandikwa kwa herufi kubwa: MWANAMKE ANAYEIMBA HUMU NI MAMA MKWE, AMEKAA CHUMBA KINGINE. Tulibandika juu ya kila kaseti iliyobaki, sisi wawili na muuza omena, na vidole vyetu vikanata mpaka jioni.

Hicho kibandiko ndicho kilichoiuza kaseti. Watu hawakuwahi kusikia mtu akiimba na mama mkwe wake. Walinunua ili wahakikishe, wakasikiliza kwa makini kama kweli yuko chumba kingine, na wengi walisema inasikika kabisa kwamba yuko chumba kingine. Wakwe waliokosana walipelekeana kaseti ile kama salamu. Mwanamume mmoja alikuja dukani kutoka Osiri, nguo zake zina udongo wa machimboni, akasimama mbele ya mume wangu muda mrefu bila kununua kitu. Mwishowe akasema, "Nami nimempelekea mama mkwe wangu mabati," akaondoka.

Mume wangu hakurudi Nairobi, na kwa kweli hakuna aliyemwita. Aliimba mara chache harusini na kwenye harambee, akiwa ameketi, amevaa viatu vya kawaida. Watu walipomwomba yowe lake la zamani alikataa kwa heshima. Aliendelea kupima misumari.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumwona mama wakati wa likizo. Sikumtumia habari. Nilipokaribia nyumba nikasikia redio-kaseti yake ndogo ikipiga, nikatabasamu, nikidhani anajisikiliza mwenyewe. Nilipofika karibu nikatambua ulikuwa wimbo wa sita, ule ambao yeye hayumo, mume wangu peke yake na gitaa. Alikuwa ameketi anachambua mawele, kichwa amekiinamisha upande. Aliponiona akanyoosha mkono akaizima.

"Betri zimechoka," akasema. "Mbona hukusema unakuja?"

Nikaketi, nikavuta ungo tukachambua pamoja. Baada ya muda akaniambia nimfikishie mume wangu neno moja: katika ule wimbo wa mwisho anaingia mapema kidogo. Angengoja gitaa limalize.